Harry Ricardo, mtu aliyesikiliza injini ikigonga

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni hadi Lushoto, barabara inajikunja mlimani, gari lenye mzigo linakwenda taratibu, na dereva amekanyaga mafuta muda wote. Hapo ndipo injini ya petroli iliyochoka huanza kutoa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Dereva mwingine huongeza sauti ya redio ili asiisikie. Fundi mzuri huomba gari lisimame.

Mafundi wetu wanaposema injini imenoki, wanamaanisha imekufa. Asili ya neno hilo ni huko kugonga. Mtu aliyefanya kazi kubwa kueleza kwa nini injini hugonga, na namna maji yanavyoweza kuinyamazisha, ni Mwingereza aliyeitwa Harry Ricardo. Leo tunasimulia maisha yake, kwa sababu magari yenye turbo yamekuwa mengi barabarani, na wapenzi wa magari hayo wanazungumzia kufunga vifaa vya kupulizia maji kwenye injini. Ni vizuri kujua wazo hilo lilitoka wapi kabla ya kutoboa bomba la hewa.

Mtoto wa karakana

Harry Ralph Ricardo alizaliwa London tarehe 26 Januari 1885. Baba yake, Halsey Ricardo, alikuwa msanifu majengo. Babu yake mzaa mama, Alexander Rendel, alikuwa mhandisi mkubwa. Mwaka 1898 babu huyo alinunua gari, wakati ambao Waingereza wengi walikuwa hawajawahi kuliona hata moja. Harry alikuwa na miaka 13, na tayari alikuwa amezoea kutumia mashine ya kukereza chuma na vifaa vingine vya karakana.

Mwaka 1903 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko kulikuwa na shindano la wanafunzi wapenzi wa magari: nani atakwenda mbali zaidi kwa petroli ya lita 1 na kidogo tu? Ricardo aliingia na pikipiki aliyoibuni mwenyewe. Injini yake ilikuwa nzito kuliko za wenzake, lakini ilikwenda kilomita zipatazo 64, akashinda.

Ushindi huo ulimfikisha kwa Profesa Bertram Hopkinson, aliyemshawishi aache mambo mengine na kuchunguza kinachotokea ndani ya silinda. Hopkinson naye alikuwa na suala la joto kichwani. Mwaka 1913 alieleza njia ya kupoza injini kubwa za gesi kwa kunyunyizia maji ndani ya silinda yenyewe, badala ya kuyazungusha nje tu. Hakuwa wa kwanza kufikiria maji. Kabla ya mwaka 1900, mhandisi wa Hungaria, Donát Bánki, alikuwa ameshatengeneza injini inayovuta maji pamoja na mafuta.

Moshi uliokuwa ukiua askari

Vita ya Kwanza ya Dunia, ile ile iliyopiganwa mjini Tanga Novemba 1914, ndiyo iliyompa Ricardo jina. Waingereza walikuwa wameanza kutumia vifaru, lakini injini za vifaru hivyo zilikuwa zikiunguza oili na kutoa moshi mwingi. Adui aliona moshi, akajua kifaru kilipo, akaelekeza mizinga. Injini ya kuvuta moshi kwetu ni hasara ya mfukoni. Kwa askari wale ilikuwa kifo.

Ricardo alibuni injini mpya ya nguvu ya farasi 150, wakati ile ya zamani ilikuwa na 105. Aliitengeneza pistoni kwa namna iliyozuia oili kupanda juu kwenye moto, na moshi ukapungua sana. Injini hizo zilitengenezwa kwa maelfu, zikaingia kwenye vifaru vya Mark V vilivyopigana mwaka 1918. Nyingine zilitumika kuendesha mitambo ya umeme na karakana.

Mwaka huo huo wa 1918, Hopkinson alikufa kwa ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe. Ricardo alipoteza mwalimu, lakini hakuiacha kazi waliyoianza. Mwaka 1919 alihamishia shughuli zake Shoreham, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza, akajenga maabara ya injini.

Kugonga ni nini hasa

Wakati huo wengi waliamini injini hugonga kwa sababu moto unawaka mapema mno. Ricardo aliona kuna jambo jingine.

Plagi inapowasha, moto huanzia pale penye cheche na kusambaa kwa mpangilio, kama moto wa nyasi unaosukumwa na upepo. Kadiri unavyosonga, hewa na mafuta ambayo hayajaungua hubanwa kwenye kona ya mwisho ya silinda na kupata joto kali. Joto likizidi, sehemu hiyo haisubiri moto uifikie. Inawaka yenyewe, yote kwa mara moja. Mlipuko huo hupiga kuta za silinda, na hiyo ndiyo sauti ya kokoto. Ukiendelea, hutoboa pistoni, huvunja ringi na kuunguza gasketi ya hedi.

Kwa kushirikiana na wanasayansi Henry Tizard na David Pye, Ricardo alitengeneza injini ya majaribio ambayo mgandamizo wake uliweza kuongezwa au kupunguzwa huku ikiendelea kuzunguka. Walijaza aina moja ya mafuta, wakaongeza mgandamizo hadi injini igonge, wakaandika kipimo, kisha wakajaribu mafuta mengine. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba petroli hazifanani. Nyingine huvumilia joto na nyingine hugonga upesi. Kazi hiyo ilitangulia kipimo cha okteni kinachotumika leo kwenye vituo vya mafuta.

Kwetu somo hilo liko karibu. Mafuta ya taa hugonga upesi kuliko petroli. Kwa hiyo petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haipunguzi nguvu tu, inaweza kuua injini nzima kwenye mlima mmoja.

Maji yanaingiaje

Ukitaka nguvu zaidi, unaisukumia injini hewa zaidi. Kazi hiyo hufanywa na turbo au pampu ya hewa inayozungushwa na injini. Lakini hewa ikibanwa hupata joto, kama unavyoona pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Hewa ya moto ndiyo mwanzo wa kugonga.

Ricardo alipima jambo hilo maabara. Aliongeza hewa hadi injini ikagonga. Akaongeza petroli ili ipoze, akapata nafasi ya kuongeza hewa tena, hadi petroli ya ziada ikakosa faida. Kisha akaanza kupulizia maji, na injini ikabeba hewa nyingi zaidi na kutoa nguvu zaidi bila kugonga.

Sababu yake ni kwamba maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi. Kilo 1 ya maji hubeba karibu mara 6 ya joto linalobebwa na kilo 1 ya petroli inapogeuka mvuke. Maji hayawi mafuta na hayaongezi nguvu yenyewe. Yanaondoa joto, ili injini ivumilie hewa na moto ambao vinginevyo ungeivunja.

Katika Vita ya Pili ya Dunia, ndege za kivita za Marekani na Ujerumani zilipulizia maji yaliyochanganywa na methanoli, na marubani wakapata nguvu ya ziada kwa dakika chache tu. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani iliuza gari la turbo, Jetfire, lililobeba tangi la mchanganyiko huo. Wenye magari wengi walisahau kulijaza. Gari lilikuwa na kinga iliyopunguza nguvu tangi likikauka, lakini wateja walilalamika, na mwishowe magari mengi yaliondolewa turbo.

Upande wa dizeli

Ricardo hakuishia kwenye petroli. Katika miaka ya 1930 alibuni chumba kidogo pembeni mwa silinda, kinachozungusha hewa kwa kasi ili dizeli ichanganyike nayo vizuri. Alikiita Comet. Kilitumika kwenye mabasi ya London, kisha wazo hilo likaenea duniani. Injini ya Toyota ya 1HZ, iliyopo kwenye Land Cruiser na Coaster nyingi tunazopanda, nayo hupuliza dizeli kwenye chumba cha pembeni cha namna hiyo. Kwa hiyo hata asiyemiliki gari ameshasafiri kwa akili ya mtu huyu.

Ukitaka kufunga maji kwenye gari la turbo

Tuseme wazi: maji si dawa ya gari bovu. Rejeta iliyoziba, plagi zilizochoka, pampu dhaifu ya mafuta au petroli mbaya hurekebishwa kwanza.

Mfumo wenyewe una tangi, pampu yenye presha, vali inayofunga, nozeli na swichi inayosoma presha ya turbo. Nozeli hufungwa kwenye bomba la hewa baada ya turbo na kipoza hewa. Ikiwekwa kabla ya turbo, matone yanaweza kula mapanga yake yanayozunguka kwa kasi kubwa.

Maji yaanze kutoka turbo inapokuwa inasukuma, si gari likiwa silensa. Vali ni ya lazima. Bila vali, maji yanaweza kuendelea kuvutwa injini ikiwa imezimwa na kujaa kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Ukipiga stata, koni rodi inapinda.

Kiasi kinachotumika sana ni kati ya asilimia 10 na 25 ya mafuta yanayoingia. Anza na kidogo. Yakizidi, moto unasuasua na nguvu inashuka. Wakati wa kurekebisha, acha presha ya turbo na muda wa cheche kama vilivyokuwa, kisha washa maji uone injini inavyokwenda. Baada ya hapo fundi asogeze kidogo kidogo, kitu kimoja kwa wakati, akiwa na kifaa cha kusikia kugonga na cha kupima mchanganyiko. Masikio peke yake hayatoshi, kwa kuwa kwenye mwendo mkali kugonga hufunikwa na kelele nyingine.

Weka kinga pia: tangi likikauka au nozeli ikiziba, presha ya turbo ishuke yenyewe. Injini iliyorekebishwa kutegemea maji ikiyakosa ghafla itagonga kwa nguvu zote.

Tumia maji yaliyosafishwa, kama ya betri. Maji ya visima vya pwani yetu mengi yana chumvi na chokaa, na yakikauka huacha ukoko unaoziba tundu la nozeli. Ukichanganya methanoli, jua kwamba ni sumu. Kunywa kidogo tu kunaweza kupofusha au kuua, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda wala mahali watoto wanapofika.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1929 Ricardo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Mwaka 1948 alipewa cheo cha Sir. Vitabu vyake kuhusu injini za kasi vilisomwa na wahandisi kwa miongo mingi, na maabara ya Shoreham iliendelea kufanya kazi kwa jina lake. Yeye na mkewe Beatrice walijaliwa mabinti watatu. Alifariki tarehe 18 Mei 1974, akiwa na miaka 89.

Kazi yake yote ilifuata mpangilio mmoja: kupima, kubadili kitu kimoja, kupima tena. Kwa hiyo, msikilizaji wetu, ukimpelekea fundi gari lako la turbo akakuahidi nguvu mpya kwa kukufungia maji, muulize maswali matatu. Atapima kugonga kwa kifaa gani? Tangi likiisha maji, nini kitaikinga injini? Na injini ilikuwa na hali gani kabla hajaigusa? Akikosa majibu, subiri kwanza.