Daktari wa Mimea: Maisha ya George Washington Carver

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alitutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri. Wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua mtu aliyeokota taka, na sababu ninayo.

Mama yangu huuza chipsi na karanga karibu na steji ya matatu. Chipsi za kubeba hutiwa katika vile visanduku vyeupe vya povu la plastiki. Kwa kuwa nasoma shule ya kutwa, jioni kazi yangu ni kufagia na kuchoma taka. Maganda ya karanga huwaka mara moja yakawa jivu. Lakini visanduku vile, lo! Huyeyuka vikatoa moshi mweusi tititi unaowasha macho na koo. Ndugu yangu mdogo ana pumu, na siku za moshi hukohoa usiku kucha. Nisipovichoma, huishia mtaroni, na mvua ikinyesha maji hayapiti. Povu hilo hutengenezwa kutokana na mafuta yachimbwayo ardhini, nalo haliozi kama ganda la ndizi. Nilikuwa nikiyawaza hayo ndipo nikaazima kitabu kuhusu Carver.

Carver alizaliwa utumwani karibu na mji wa Diamond, jimbo la Missouri, Marekani, mnamo mwaka 1864 hivi. Akiwa bado mchanga, majambazi walimwiba pamoja na mama yake, Mary. Tajiri wao, Moses Carver, alimtuma mtu kuwatafuta. Mtoto alipatikana, na inasimuliwa kwamba aliyemleta alilipwa farasi. Mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, Moses na mkewe Susan walimlea. Alikuwa dhaifu wa afya, kwa hivyo alifanya kazi za nyumbani na kuzunguka porini akichunguza mimea. Majirani walimletea maua yaliyonyauka ayatibu, wakambandika jina la daktari wa mimea.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shule ya karibu haikupokea watoto weusi, basi akaenda kusoma katika mji wa Neosho. Baadaye chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na rangi yake kuonekana, kikamfukuza. Hakukata tamaa. Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson, Iowa, akajilipia kwa kuwafulia watu nguo. Mwaka uliofuata akahamia chuo cha kilimo cha Iowa, akapata shahada mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896.

Mwaka huo huo Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, akawafundishe watu weusi kilimo. Alipofika alikuta maabara haina kitu. Unafikiri alirudi Iowa? Hata! Aliwachukua wanafunzi wake wakaenda majalalani kuokota chupa, mikebe na sufuria kuukuu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vyombo vyake vya kwanza. Hapo niliposoma nilikifunga kitabu kidogo, nikatazama rundo langu la taka.

Wakulima wa huko walipanda pamba mwaka baada ya mwaka mpaka udongo ukachoka, kisha fukusi wa pamba wakaja kumaliza kilichobaki. Carver aliwafundisha kupokezanisha pamba na karanga na kunde, kwa sababu bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake hurudisha naitrojeni ardhini. Kuanzia mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama lilipeleka mafunzo hayo vijijini. Mwaka 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa karanga. Watu husema kwamba ndiye aliyebuni siagi ya karanga, si kweli. Na vingi kati ya vitu alivyovitengeneza havikufika madukani. Lakini aliona kwamba hata ganda halifai kutupwa. Orodha yake ya vitu vya karanga ina karatasi na mbao za ukutani zilizotokana na maganda.

Mwaka 1937 alihudhuria mkutano Dearborn, Michigan, wa watu waliotaka viwanda vitumie mazao ya shambani kama malighafi. Huko alionana na Henry Ford, mwenye viwanda vya magari, wakawa marafiki. Carver aliaga dunia tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee karibu na Washington. Akiba yake aliiacha kwa ajili ya utafiti.

Carver hakutengeneza povu la kufungia vitu. Walakini njia aliyoipitia wengine wanaifuata. Tangu miaka ya 1990 kuna povu la wanga wa mahindi la kukingia mizigo, ambalo ukilimwagia maji huyeyuka. Siku hizi pia mabaki ya mazao hutiwa katika kalibu pamoja na nyuzi za uyoga. Nyuzi hukua kwa siku kadhaa na kuyashikanisha, kisha hukaushwa kwa joto zisiendelee kukua. Kifungio hicho kikitupwa shambani huoza.

Nami nilijaribu. Nilitwanga maganda ya mama kinuni, nikayachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, nikaukandamiza katika sahani na kuuanika siku tatu. Kisahani kilikauka vizuri ajabu! Tulipotia chipsi za moto, mafuta yakapenya na kitako kikachanika. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini hakukitupa. Sasa anakiwekea vitunguu. Na tangu siku ile, mteja anayekuja na bakuli lake huongezewa chipsi kidogo. Visanduku vimepungua, ingawa havijakwisha.

Wanafunzi wenzangu, Carver alianza na chupa za jalalani. Sisi tuna maabara yenye vyombo, na maganda ya karanga yamejaa mjini. Muhula ujao nitajaribu tena nikipaka nta ya nyuki. Anayetaka tusaidiane anitafute kidato cha tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwaherini.