Edward Steere na wakati wetu uliopita

Nilipokuwa sekondari, kila nilipoandika nilisomaka, kalamu nyekundu ilikata hiyo ka ya mwisho. Sikujua kwamba nyuma ya kalamu ile kulikuwa na kazi ya Mwingereza aliyefariki mwaka 1882.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akawa wakili, kisha akaacha yote akawa padri wa Kianglikana. Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu Tozer, hadi bonde la mto Shire. Misheni hiyo ilishindwa, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Krapf alikuwa amekwisha kuchapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, lakini alikuwa ameisikia lugha Mombasa. Steere aliketi na watu wa Unguja, akaandika hadithi zao jinsi walivyozisimulia. Mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili, mkusanyo wa hadithi na sarufi. Jina la sarufi hiyo linasema wazi kwamba ni Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Laiti waliomfuata wangelisoma vizuri jina hilo!

Katika Kiswahili hicho, alama za wakati hukaa katikati ya kitenzi: -li- kwa lililopita, -me- kwa lililotimia, -ka- kwa linalofuata jingine, kama katika nilikwenda nikaona.

Miaka hiyohiyo misafara ya Unguja, ukiwemo wa Tippu Tip, ilikuwa ikileta Kiswahili Manyema, na kutoka huko kikaenea mashariki mwa Kongo, vinywani mwa watu wenye lugha nyingine za Kibantu. Hapa Goma -li- imebaki mahali pake, lakini mwishoni imekaa -ka nyingine. Mtu wa Birere akisema nilisomaka, mara nyingi anazungumzia zamani, au jambo alilozoea kulifanya; nilisoma inaweza kuwa ya asubuhi hii. Hii si -ka- ya Unguja iliyopotea njia. Jamaa yake wa karibu ni -aka ya Kilingala. Ili kuonyesha umbali huo, Kiswahili sanifu hulazimika kuongeza maneno. Sisi inatutosha silabi moja.

Steere hakuisikia. Safari zake za bara zilimfikisha kwa Wayao na Masasi, hazikufika huku. Alifanywa askofu mwaka 1874, akajenga kanisa Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, akawafundisha vijana waliokombolewa kuchapa vitabu, akatafsiri Agano Jipya. Alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa katika kanisa hilo.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwa miongoni mwake.