Samori Touré: mchuuzi wa kola aliyejaza upya maganda ya risasi

Wengi wetu tuliosoma sekondari ukimbizini Tanzania tulikutana na Samori Touré katika somo la historia, pale panapoelezwa jinsi Waafrika walivyopambana na wakoloni. Ndugu zetu waliobaki nyumbani na kusoma kwa Kifaransa humwandika Samory, kwa y mwishoni, lakini mtu ni yule yule. Kwenye mtihani tulitakiwa kutaja sababu zilizomfanya adumu vitani miaka mingi, na moja kila mwanafunzi aliijua kwa moyo: alikuwa na mafundi wake wa kutengeneza silaha. Ukiiandika unapata alama yako, unahamia swali jingine. Sasa ninayefundisha ni mimi, na pale siwaachi wanafunzi wapite haraka.

Samori alizaliwa karibu mwaka 1830 katika nchi ambayo leo inaitwa Guinea, Afrika Magharibi. Ukoo wake ulikuwa wa Wadyula, watu wa biashara ya masafa. Naye alianza maisha kwa kuchuuza kola, ile tunda chungu inayotafunwa, ambayo hutoka misitu ya kusini na kupelekwa nchi za ukame kaskazini. Msomaji anayevuka Kobero au Manyovu na mzigo wake ataelewa shule aliyopitia kijana huyo. Alijifunza njia zote, akajua nani ana farasi na nani ana chumvi, na bei hubadilika kiasi gani ukivuka mto mmoja tu.

Biashara hiyo ilikatizwa na vita. Watu wa ukoo wa Cissé walivamia kijiji na kumchukua mama yake mateka. Samori hakuwa na mali ya kumkomboa, akaenda mwenyewe kuwatumikia waliomteka, kazi yake ikiwa askari. Masimulizi ya kwao yanasema alitumikia miaka saba, miezi saba na siku saba. Mama akaachiwa, na mwana akatoka huko akiwa amejua bunduki. Kufikia mwaka 1878 alikuwa na makao yake makuu Bissandougou, mwaka 1881 akauteka mji wa Kankan, na mwaka 1884 akajitwalia cheo cha Almamy, kiongozi wa waumini.

Wafaransa walianza kupigana naye mwaka 1882. Mikataba ikatiwa saini mwaka 1886 na 1887, lakini amani haikukaa. Samori alitambua mapema kwamba magobore ya kujazia mdomoni hayatoshi. Alinunua bunduki za kisasa kupitia Freetown, koloni la Waingereza, akilipa kwa dhahabu na pembe za ndovu. Watumwa nao walikuwa sehemu ya hesabu zake: waliuzwa kaskazini wakaletwa farasi. Vitabu tulivyosomea ukimbizini vililipita jambo hilo kimya. Mimi hulisema darasani, kwa sababu waliouzwa walikuwa na mama zao pia.

Bunduki zenyewe zilikuwa za aina nyingi, na zilizopendwa zaidi zilikuwa Gras na Kropatschek. Zote mbili zilitumia risasi moja, ya kipenyo cha milimita 11, yenye ganda la shaba ya manjano. Hapo ndipo penye siri. Bunduki ya Chassepot, iliyotangulia Gras, ilitumia risasi ya karatasi, ambayo ikishafyatuliwa huungua na kwisha. Ganda la shaba halifi. Baruti inapolipuka, ganda hutanuka likaziba nyuma ya mtutu ili moto usimrudie mpigaji, kisha hunywea kidogo na kutoka likiwa zima. Kwa mtu aliyelelewa sokoni, ganda linaloanguka chini ni mtaji unaoanguka chini. Maganda matupu yakaokotwa na kupelekwa kwa wahunzi.

Tuitazame kazi yao kwa jicho la fundi. Ganda lililotumika huwa limevimba, limejaa masizi, na kitakoni mwake mna fataki iliyokwisha kulipuka. Masizi ya baruti nyeusi hula shaba, kwa hiyo ganda lisiloshwa mapema huoza. Lililopasuka halifai tena. Likirudishwa kwenye bunduki linaweza kumlipukia askari usoni. Lililo zima hurudishwa umbo, likawekwa fataki mpya, baruti, kisha risasi juu. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na wahunzi wa Afrika Magharibi waliijua zamani kwa ajili ya magobore. Ila ya kienyeji ilikuwa na nguvu kidogo kuliko ya kiwandani, na risasi ilifika karibu zaidi. Fataki ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu kuliko zote. Dawa yake siku zile ilitokana na zebaki na tindikali kali, nayo hulipuka kwa kugongwa tu. Nyundo na makaa peke yake havitoshi hapo.

Wahunzi hao walikuwa mamia. Hawakuishia kwenye maganda; waliiga hata bunduki ya Kropatschek yenyewe, kipande kwa kipande, na Wafaransa walioziteka walishangaa. Hesabu zilizobaki zinataja bunduki zipatazo 12 kwa juma na risasi 200 hadi 300 kwa siku.

Hapo huwaambia wanafunzi watoe kalamu. Wanahistoria wanakadiria kwamba kufikia mwaka 1893 Samori alikuwa na bunduki za kisasa zipatazo 6,000. Gawanya risasi 300 za siku nzima kwa bunduki 6,000. Kila bunduki itasubiri siku 20 ipate risasi moja. Darasa hunyamaza kidogo. Wahunzi walikuwa hodari kweli, lakini hawakuweza kuziba pengo la njia iliyofungwa.

Na njia ilikuwa inafungwa. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiingie Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Eneo hilo liliichukua na nchi yetu. Mkataba ulisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, lakini majeshi ya wakoloni yenyewe hayakuzuiwa kuleta bunduki. Freetown ikaanza kubana, na kati ya 1892 na 1893 Wafaransa wakaikata kabisa barabara ya huko. Wakati huo Ufaransa ilikwisha kuwa na bunduki ya Lebel ya mwaka 1886, yenye baruti isiyotoa moshi. Askari wa Samori kila akifyatua, wingu jeupe lilimtangaza alipojificha.

Lakini Samori hakuwa ameumizwa na Wafaransa tu. Mwaka 1887 aliuzingira mji wa Sikasso zaidi ya mwaka mmoja bila kuuteka, akiwabebesha raia nafaka na baruti hadi wakachoka. Mwaka 1888 wakamwasi. Baadaye alihama na dola yake yote kuelekea mashariki, akichoma mashamba nyuma yake ili adui asikute chakula. Mtu aliyewahi kuondoka usiku na godoro kichwani hawezi kusoma habari hiyo kama mbinu ya kivita tu. Mwaka 1894 alimhukumu mwanawe Karamoko, aliyekuwa ametembelea Ufaransa na kurudi akisema nguvu ile haipigiki. Kijana alifungiwa ndani ya kuta akafa kwa njaa. Mwaka 1897 mji wa Kong, mji wa wafanyabiashara Waislamu kama yeye, ukateketezwa na jeshi lake.

Sikasso ilianguka mikononi mwa Wafaransa Mei 1898. Samori akajaribu kukimbilia Liberia kupitia milimani, njaa ikawaua watu wake njiani. Tarehe 29 Septemba 1898, asubuhi, kikosi cha Kapteni Gouraud kilimkamata Guélémou. Alipelekwa uhamishoni Gabon, akafia Ndjolé tarehe 2 Juni 1900 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka kama sabini. Mwaka 1968 serikali ya Guinea iliirudisha mifupa yake, ikazikwa Conakry.