Bibi Titi alianza na vikundi vya ngoma. Chama cha mathe wako je?

Ukipita soko la Kakamega alfajiri, utawapata kina mama washapanga mrenda, kunde na omena kabla wewe hujaamka. Wengi wao wako kwa chama. Wanachanga kila wiki, wanakopeshana, wanazikana. Lakini msimu wa kampeni ukifika, chama hichohicho kinaitwa uwanjani kucheza isukuti, kinapewa leso na sukari, mheshimiwa anapanda gari na kwaheri ya kuonana miaka mitano ijayo.

Kabla hujasema siasa ndiyo hivyo, hebu msome Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Masomo yake yaliishia darasa la nne. Mtaani alijulikana kwa sauti, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kwenye kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipoundwa Julai 1954, yeye na mumewe Boi Selemani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kujiunga. Kadi yake ilikuwa namba 16.

Mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alizuru Tanganyika. Akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Viongozi wakabaki wakitazamana, maana wake zao walikuwa nyumbani. Titi akaitwa kuziba hilo pengo. Akawa mwenyekiti wa tawi la wanawake, naibu wake akiwa Tatu binti Mzee.

Sasa cheki akili yake. Dar ilikuwa imejaa vikundi vya ngoma, kila kimoja na kiongozi wake, sare zake na michango yake. Titi akawaita viongozi hao wakae chini waongee. Ukimshawishi mmoja, unapata kikundi kizima kwa mpigo. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, Oscar Kambona, katibu wa TANU, alikuwa akiandika kuhusu wanachama wanawake 5,000.

Na hao 5,000 walikuwa kina nani? Wengi walikuwa wapika pombe, wauza maandazi na wauza samaki. Wengine walikuwa wameachika na wanajilisha wenyewe. Hapo ndipo siri ilipo. Wakoloni walikuwa wamewakataza watumishi wa serikali kujiunga na TANU, kwa hivyo msomi mwenye kazi nzuri alikuwa na cha kupoteza. Lakini muuza maandazi, nani angemfuta kazi? Biashara yake ndogo ilikuwa ndiyo uhuru wake wa kwanza.

Titi akazunguka nchi nzima, mara nyingi jukwaa moja na Julius Nyerere. Uhuru ukaja Desemba 1961. Mwaka uliofuata ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye akawa mwenyekiti. Mwaka huohuo, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao. Mpaka leo, Julai 31 ni Siku ya Mwanamke wa Afrika.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge Rufiji. Azimio la Arusha la 1967 likakataza viongozi kupangisha nyumba, naye akalipinga. Mwaka 1969 akakamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiliwa mwaka 1972. Alipotoka, marafiki wengi walikuwa wamemkwepa. Wanawake aliowaleta walikuwa sasa ndani ya jumuiya ya chama tawala, na chama kikikutema, nayo inanyamaza. Ilichukua hadi 1991, miaka 30 ya uhuru, ndipo gazeti la chama likamtaja tena kama shujaa. Alifariki Novemba 2000, Johannesburg. Leo barabara kubwa ya Dar ina jina lake.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu mwaka 2022 Kenya ilichagua magavana wanawake 7 kati ya 47, na Kakamega bado haijawahi kuwa naye hata mmoja. Serikali inatakiwa kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa wanawake, vijana na walemavu, lakini chama kimoja cha watu kumi hakiwezi kushindana peke yake.

Kwa hivyo kama wewe ndiye unayeshika kitabu cha chama cha mathe wako, fanya kama Titi. Kiunganishe na cha Khayega, cha Malava na cha Mumias. Mtoe mgombea wenu wenyewe wa udiwani, mumchangie nyinyi. Na siku atakapoanguka, maana siasa huangusha watu, msimkimbie. Hilo la mwisho ndilo Bibi Titi alilolikosa.