Ben-Yehuda Katika Nchi ya Mababu: Mhamiaji, Lugha na Uenyeji

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa isimujamii hufundishwa mapema kwamba Kiebrania ni lugha iliyokaa karne nyingi bila kuwa na mtu aliyeipata kwa mama yake, kisha ikarudi kuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya kazini. Katika maelezo hayo jina la Eliezer Ben-Yehuda halikosekani, na aghalabu hutajwa kana kwamba aliifufua lugha hiyo peke yake. Makala haya yana nia ya kuyapitia maisha yake kwa mtazamo mwingine: kama maisha ya mtu aliyeondoka alikozaliwa akaenda kuishi na kufanya kazi katika nchi aliyoihesabu kuwa ya mababu zake. Hoja yetu ni kwamba alipofika huko alijikuta mgeni, na kwamba kazi yake ya lugha inaeleweka vizuri zaidi ikichukuliwa kuwa ni juhudi za mgeni huyo kutafuta uenyeji. Tutaonyesha pia kuwa sifa anazopewa zinawastahili wengi wasiotajwa, na kwamba waliolipia juhudi hizo kwanza ni watu wa nyumbani mwake.

Suala hili linatuhusu sisi tunaoshughulika na Kiswahili. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, hadi kuanzishwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, tumekuwa tukijiuliza kwa nini neno moja lililobuniwa mezani hushika na jingine hufa. Maisha ya Ben-Yehuda yana la kutueleza kuhusu swali hilo.

2.0 Kuzaliwa na Malezi

Eliezer alizaliwa mwaka 1858 katika mji mdogo wa Luzhki, uliokuwa ndani ya Himaya ya Urusi na ambao sasa umo katika nchi ya Belarusi. Jina la ukoo wake lilikuwa Perlman. Kama watoto wengine wa Kiyahudi wa eneo hilo, lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiyidishi. Kiebrania alikikuta chuoni, katika Torati, sala na maandishi ya wanazuoni. Kwa hiyo alikulia katika jamii ambamo kila lugha ilikuwa na dhima yake: Kiyidishi kwa maisha ya kila siku, Kiebrania kwa ibada na maandishi, na Kirusi kwa mambo ya serikali.

Alifiwa na baba yake angali mdogo. Familia ilikusudia awe rabi, akapelekwa chuo cha dini cha Polotsk. Huko mwalimu wake alimfunulia sarufi ya Kiebrania na vitabu visivyo vya dini, ikiwemo tafsiri ya Kiebrania ya Robinson Crusoe. Tafsiri hiyo ilimwonyesha kijana huyu kwamba lugha ya sala yaweza pia kusimulia habari za mtu anayejenga kibanda na kufuga mbuzi. Ndugu aliyekuwa akimlea alipogundua mwelekeo huo alimfukuza. Akapokewa na familia ya Jonas katika mji wa Glubokoye, ambako Deborah, binti wa familia hiyo, alimfundisha Kirusi, Kifaransa na Kijerumani. Baadaye alimaliza shule ya sekondari mjini Dünaburg, mji ambao leo unaitwa Daugavpils, nchini Latvia.

Vita vya Urusi na Uturuki vya mwaka 1877 na 1878 vilimfungulia fikra mpya. Aliwaona Wabulgaria wakipata dola yao, akajiuliza kwa nini Wayahudi nao wasiwe na nchi na lugha moja. Mwaka 1878 alikwenda Paris kusomea udaktari, lakini kifua kikuu kikamzuia kuhitimu. Mwaka 1879 alichapisha makala katika jarida la Kiebrania la Ha-Shahar, lililokuwa likitolewa Vienna, akitetea fikra hiyo na kutumia jina la Ben-Yehuda. Alipokwenda Algiers kutafuta hewa ya kumfaa mgonjwa wa mapafu, alizungumza Kiebrania na Wayahudi wa huko, akavutiwa na matamshi yao ya Kisefaradi. Tajiriba hiyo ilimwonyesha kuwa Kiebrania kinaweza kuwaunganisha Wayahudi wasio na lugha nyingine ya pamoja.

3.0 Safari ya Mwaka 1881

Ben-Yehuda na Deborah walioana njiani, wakateremka Jaffa mwaka 1881. Walikuwa wameafikiana kuwa wasizungumze lugha nyingine baina yao isipokuwa Kiebrania, ingawa Deborah alikuwa akikijua kidogo tu.

Katika kumbukumbu alizoziandika baadaye, Ben-Yehuda hakuificha hali iliyompata katika safari hiyo. Melini walipanda Waarabu, na namna walivyojiamini na kuchangamka ilimtia hofu. Alitambua kwamba wao walikuwa wakirudi makwao, ilhali yeye, aliyekuwa akiiita nchi hiyo yake, alikuwa akiingia kama mgeni asiye na chochote ila kumbukumbu za vitabuni. Palestina wakati huo ilikuwa chini ya Dola ya Osmani, na wakazi wake walio wengi walikuwa Waarabu, Waislamu na Wakristo. Mgogoro uliozuka baadaye juu ya haki ya ardhi hiyo ni mpana kuliko makala haya, na haujamalizika. Linalotuhusu hapa ni kwamba mhamiaji huyu aliuhisi mzizi wake siku ya kwanza kabisa.

Wayahudi aliowakuta Yerusalemu nao hawakuwa jamiilugha moja. Waliotoka Ulaya ya Mashariki walizungumza Kiyidishi, Wasefaradi walizungumza Kiladino, na wengine Kiarabu. Walipokutana sokoni, baadhi yao walitumia Kiebrania cha kubabia ili waelewane. Hili ni jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau: Ben-Yehuda hakuanza na lugha iliyokufa kabisa. Alianza na lugha iliyoandikwa, iliyosaliwa na iliyotumika kidogo kama lugha ya mawasiliano, lakini iliyokosa watoto.

4.0 Nyumba Kama Maabara

Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1882, akaitwa Ben-Zion. Ukubwani alijulikana kwa jina la Itamar Ben-Avi. Baba aliamua kwamba mwanawe asisikie lugha nyingine yoyote. Wageni wasiojua Kiebrania walizuiwa kuzungumza mbele yake. Deborah, aliyekuwa dhaifu kwa maradhi, alilazimika kumlea mtoto kwa lugha ambayo yeye mwenyewe bado alikuwa akijifunza, na ambayo haikuwa na maneno ya vitu vingi vya jikoni na vya malezi.

Mtoto alichelewa kusema. Kwa masimulizi ya mwana huyo mwenyewe, siku moja baba alimkuta mama akimbembeleza kwa wimbo wa Kirusi, akaghadhibika mno, na katika fadhaa hiyo mtoto akatoa maneno yake ya kwanza ya Kiebrania. Hatuna haja ya kulipamba tukio hili. Mwanaisimu anayeandika kuhusu mzungumzaji mzawa wa kwanza wa Kiebrania cha kisasa anapaswa kukumbuka kwamba mzungumzaji huyo alikuwa mtoto aliyekosa wenzake wa kucheza nao kwa lugha yake.

Deborah alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1891. Muda mfupi baadaye watoto watatu kati ya watano aliowaacha walikufa kwa dondakoo. Mdogo wake Deborah, aliyeitwa Hemda katika Kiebrania, aliolewa na Ben-Yehuda mwaka 1892, akawa msaidizi wake mkubwa katika uandishi na katika kutafuta fedha za kamusi.

5.0 Gazeti, Baraza na Kamusi

Nje ya nyumba, Ben-Yehuda alifanya kazi katika nyanja tatu. Ya kwanza ni elimu. Alifundisha kwa muda mfupi katika shule ya Alliance Israélite Universelle mjini Yerusalemu, ambako Kiebrania kilifundishwa kwa Kiebrania badala ya kwa tafsiri. Ya pili ni uandishi wa habari. Mwaka 1884 alianzisha gazeti la HaZvi, na kurasa zake zikawa uwanja wa kuyajaribia maneno mapya. Ya tatu ni taasisi na kamusi. Mwaka 1890 alishiriki kuanzisha Baraza la Lugha, ambalo lilizorota, likahuishwa mwaka 1904, na hatimaye kurithiwa na Akademia ya Lugha ya Kiebrania mwaka 1953.

Njia zake za kuunda istilahi si ngeni kwetu. Alianza kwa kutafuta neno katika maandishi ya kale. Lilipokosekana, alinyambua kutoka mzizi uliopo. Kutokana na milla, yaani neno, aliunda millon kwa maana ya kamusi. Kutokana na et, yaani wakati, aliunda iton kwa maana ya gazeti. Mzizi wa Kiebrania ulipokosekana aligeukia Kiarabu, lugha ya wale wale waliomtia hofu melini, kwa kuwa alikiona kuwa ndugu wa Kiebrania. Rishmi na ta'arikh ni maneno aliyoyapata kwa njia hiyo. Msomaji wetu atayatambua mara moja, kwani Kiarabu hicho hicho kimetupatia sisi rasmi na tarehe.

Si kila alichopendekeza kilipokelewa. Nyanya aliitaka iitwe badura, kwa kufuata Kiarabu, naye alilikataa neno agvaniya lililobuniwa na mwingine. Watu walilichagua agvaniya, na ndilo linalotumika mpaka leo. Alibaki na msimamo wake, lakini sokoni hapakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Kamusi yake kubwa ilianza kutoka mwaka 1908. Hakuiona ikikamilika. Iliendelezwa na Hemda, mwanawe Ehud na wataalamu wengine hadi mwaka 1959, ikafikia juzuu 17 pamoja na utangulizi.

6.0 Kutengwa na Uasin Gishu

Hapo mwanzo Ben-Yehuda na Deborah walivaa na kuishi kama Wayahudi washika dini wa Yerusalemu ili wakubalike kwao. Juhudi hiyo haikufaulu. Kwa wengi wa washika dini, kuitumia lugha takatifu kwa habari za nyanya na taulo ilikuwa kuinajisi. Alitengwa na jumuiya. Mwishoni mwa mwaka 1893 makala moja katika gazeti lake ilipelekwa kwa watawala wa Kiosmani kama ushahidi wa uchochezi; akakamatwa na kuhukumiwa kifungo, kisha akaachiliwa baada ya rufaa. Hivyo nchi ya mababu ilimpa jela kabla ya kumpa heshima, na waliomshtaki walikuwa watu wa kabila lake.

Jambo la kushangaza zaidi linagusa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi makazi katika nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo zimo nchini Kenya. Mpango huo uliitwa wa Uganda kwa sababu eneo hilo lilikuwa limehesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902. Ben-Yehuda aliuunga mkono. Mtu aliyewanyima watoto wake lugha nyingine zote kwa ajili ya Yerusalemu alikuwa tayari kuona watu wake wakihamia ardhi ambayo haikuwa ya mababu zao, na ambayo nayo ilikuwa na wenyewe. Kongamano la Kizayuni liliukataa mpango huo mwaka 1905.

Wengine wameuona msimamo huu kuwa ni kigeugeu. Sisi tunauona kuwa ushahidi wa hoja yetu. Tangu safari ya 1881 alijua kuwa udongo peke yake haumfanyi mtu kuwa mwenyeji, na huenda aliamini kwamba watu wenye lugha yao wanaweza kuwa na kwao popote.

7.0 Nani Aliyeihuisha Lugha?

Lugha haihuishwi na nyumba moja. Mwaka 1886 shule ya kijiji cha Rishon LeZion ilianza kutumia Kiebrania kama lugha ya kufundishia, na nyingine zikafuata. Walimu wake walikuwa watu wa kawaida wasiokuwa na vitabu, waliolazimika kukubaliana juu ya matamshi na maneno somo baada ya somo. Wahamiaji vijana waliofika kati ya mwaka 1904 na 1914 waliifanya lugha hiyo kuwa ya mashambani na ya karamu. Mwaka 1913 palipotolewa uamuzi kwamba sayansi zifundishwe kwa Kijerumani katika chuo cha ufundi kilichokuwa kikijengwa Haifa, walimu na wanafunzi waligoma, na Kiebrania kikashinda. Katika hesabu iliyofanywa kati ya mwaka 1916 na 1918, kama asilimia 40 ya Wayahudi waliohesabiwa Palestina walikitaja kuwa lugha yao ya kwanza au ya pekee. Sehemu ya miaka hiyo ya vita Ben-Yehuda aliishi Marekani, asirejee hadi 1919. Lugha iliendelea kukua akiwa mbali.

Mchango wake basi ni upi? Alionyesha kwamba jambo lililodhaniwa kuwa muhali linawezekana. Aliipatia lugha hazina ya msamiati. Na alikubali kuonekana mwendawazimu kabla wengine hawajathubutu. Lakini wazungumzaji walitokana na madarasa.

8.0 Hitimisho

Mwaka 1922 utawala wa Kiingereza uliitambua lugha ya Kiebrania kuwa rasmi Palestina, pamoja na Kiingereza na Kiarabu. Desemba ya mwaka huo huo Ben-Yehuda alifariki Yerusalemu, akazikwa katika Mlima wa Mizeituni. Maelfu ya watu walimsindikiza, wakizungumza lugha ambayo miaka 41 kabla alikuwa hana wa kuzungumza nayo nyumbani ila mkewe.

Kwa wapangaji wa lugha ya Kiswahili, maisha haya yanatoa funzo moja lililo wazi. Kamusi na baraza ni nyenzo za lazima, lakini neno hupata uenyeji kama mtu anavyoupata, yaani kwa kupokewa na wanaoishi nalo. Mahali ambapo Kiebrania kilipokewa ni shuleni, kikiwa lugha ya kufundishia masomo yote. Mjadala wetu wenyewe kuhusu lugha ya kufundishia katika sekondari na vyuo ungefaidika kwa kuanzia hapo, badala ya kuanzia kwenye idadi ya istilahi zilizochapishwa.