Charlotte Maxeke: Mwanafunzi Aliyekwama Cleveland

Mimi naishi La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, mtaa uliojulikana kwa Wareno na ambao leo una Wakongo, Wamsumbiji na sisi wa Afrika Mashariki. Hospitali ya Charlotte Maxeke kila mtu hapa anaijua. Lakini uliza huyo mama ni nani, utaona watu wanatazamana.

Charlotte Manye alikuwa mwalimu Kimberley, mji wa almasi. Mwaka 1891 alikwenda Uingereza na kwaya ya Waafrika, wakaimba hadi mbele ya Malkia Victoria. Safari ya pili ikawafikisha Marekani, na huko ndiko mambo yalikoharibika: waandaaji waliwatelekeza Cleveland, jimbo la Ohio, bila nauli.

Cleveland haikuwa mji wa mchezo. Iko kando ya Ziwa Erie. Meli zilileta mawe ya chuma kutoka Ziwa Superior, reli zikaleta makaa, viwanda vikafua chuma usiku na mchana. Rockefeller naye alianzishia hapo hapo kampuni ya mafuta ya Standard Oil, mwaka 1870. Pesa ilikuwepo, tena nyingi! Lakini waliowaokoa wanakwaya si matajiri hao, ni kanisa la Wamarekani weusi, AME. Ndilo lililompeleka Charlotte chuo cha Wilberforce, Ohio hiyo hiyo, ambako Du Bois alikuwa akifundisha. Huko alipata digrii ya sayansi, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kufika hapo.

Jamani, angeweza kubaki. Alirudi. Yeye na mumewe Marshall Maxeke, naye wa Wilberforce, walianzisha shule Evaton, kusini zaidi ya hapa ninapokaa, wakaipa jina la chuo chao. Mwaka 1918 akaanzisha umoja wa wanawake, Bantu Women's League, kupigania wanawake wasilazimishwe kubeba pasi. Alifariki 1939. Hospitali ilipewa jina lake mwaka 2008.

Kurudi au kubaki, kila mmoja wetu ana hesabu zake, na ajira nyumbani tunazijua zilivyo. Ila hili halina mjadala: bila watu wa kumpokea Cleveland, Evaton isingepata shule ile. Basi mwenzako akikwama huko uliko, usingoje ubalozi. Mfungulie mlango.