MAISHA YA SANTIAGO RAMÓN Y CAJAL

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón, nchi ya Hispania. Baba yake alikuwa daktari, mtu mkali. Mtoto alikuwa mtundu kupita kiasi. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga, akavunja lango la jirani, naye akafungwa siku chache. Alichopenda ni kuchora, lakini baba yake hakutaka kusikia habari hiyo. Alimpeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, na pia kwa fundi viatu.

Baadaye baba alimfundisha habari za mifupa ya binadamu, na kijana akaona kwamba mifupa nayo yafaa kuchorwa. Basi akasoma udaktari mjini Zaragoza, akafuzu mwaka 1873. Alipelekwa Kuba kuwa daktari wa jeshi, akarudi mwaka 1875 amedhoofishwa na malaria. Kisha akanunua hadubini kwa akiba yake.

Wakati ule wataalamu wengi, pamoja na Camillo Golgi wa Italia, walidhani kwamba nyuzi za fahamu ubongoni zimeungana zote kama wavu mmoja. Golgi alikuwa amevumbua dawa ya kutia chembe chache tu rangi nyeusi, ili zionekane wazi. Cajal aliona kazi ya dawa hiyo mwaka 1887. Lakini ubongo wa mnyama mzima ni kama msitu mnene, huwezi kujua tawi hili ni la mti upi. Kwa hiyo aliona afadhali autazame msitu ungali miche. Akachunguza vifaranga waliokuwa bado ndani ya yai, na wanyama wachanga. Humo aliona kwamba kila chembe iko peke yake, imekaribiana na nyingine bila kuungana nayo.

Mwaka 1888 alitangaza hayo katika gazeti alilolilipia mwenyewe, nakala 60 tu. Mwaka 1889 alisafiri mpaka Berlin, akawaonyesha wakubwa wa elimu hiyo, na baadhi yao wakasadiki. Mwaka 1890 alieleza jinsi unyuzi wa fahamu unavyokua: ncha yake hupanuka, nayo hupenya ikitafuta njia mpaka ifike mahali pake.

Mwaka 1906 yeye na Golgi walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, ingawa Golgi alishikilia bado habari ya wavu.

Mwaka 1908 Cajal aliandika juu ya chembe za kusikia katika ubongo wa ndege. Baadhi ya chembe hizo zina vishada viwili vya matawi, kimoja juu na kimoja chini. Wataalamu waliomfuata walitambua maana yake: kishada kimoja hupokea habari za sikio la upande ule ule, na kingine za sikio la pili. Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia kwanza. Kwa binadamu tofauti haifiki sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Chembe hulinganisha nyakati hizo mbili, na hivyo bundi humkamata panya gizani. Lakini unyuzi ukikosa njia wakati wa kukua, hesabu hiyo huharibika.

Cajal alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba, 1934. Michoro yake ingali vitabuni hata leo. Kipaji alichokatazwa nyumbani ndicho kilichowaonyesha watu ubongo wao. Wenzangu, tusikidharau kipaji cha mtu kabla hakijakua.